Maswali Mnayoniuliza Kila Siku Kuhusu Riwaya za Mapenzi za Wachezaji wa Vyuo vya Marekani

Kikundi chetu cha kusoma hukutana Sinza, Dar es Salaam, Jumamosi moja kwa mwezi, watu wanane mpaka kumi na wawili, inategemea mvua na tarehe ya mshahara. Tulianza na vitabu vya kila aina, lakini kwa mwaka mmoja na nusu sasa tumezama kwenye kitu kimoja: riwaya za mapenzi za Kimarekani ambazo kijana anacheza futiboli chuoni. Kila anayejiunga anakuja na maswali yaleyale, na nimechoka kuyajibu kwa ujumbe wa sauti nikiwa nimening'inia kwenye mwendokasi. Nimeyaandika hapa. Soma kwanza, halafu Jumamosi njoo na swali jipya, au njoo na vitumbua.

Hivi ni mpira gani huu? Mbona wanaushika kwa mikono?

Ni futiboli ya Kimarekani. Mpira wetu wa miguu wao wanauita soka, na wakisema "futiboli" wanamaanisha mchezo mwingine kabisa: helmeti, mabega yaliyovimba kwa kinga, na mpira wenye umbo la papai dogo lililochongoka ncha zote mbili, urefu kama sentimita 28. Mguu unatumika mara chache. Mwenzetu mmoja alisoma kurasa tisini akiamini kijana ni mshambuliaji wa kati, anamwona kichwani kama wachezaji wa Msimbazi, mpaka alipofika mahali mhusika anavua helmeti ili abusiwe. Ilibidi arudi ukurasa wa kwanza.

Sheria zake ni zipi? Kwa ufupi, dada.

Kwa ufupi ni ngumu, ila nitaeleza kama nilivyoeleza siku ile mgahawani. Maneno yalikuwa hayaingii, nikamwomba mhudumu visoda. Nikapanga vyekundu 11 upande mmoja wa meza na vya kijani 11 upande wa pili, vinatazamana kama watu wanaodaiana. Katikati nikaweka punje ya karanga. Huo ndio mpira.

Meza ni uwanja wa yadi 100, yaani kama mita 91, na kila mwisho wake kuna ukanda wa yadi 10. Wekundu wana mpira na wanataka kuufikisha kwenye ukanda ulio nyuma ya kijani. Wanapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Wakizipata, wanahesabiwa upya manne mengine. Wakizikosa, karanga inahamia kwa kijani na safari inageuka. Kufika ukandani na mpira ni tachidauni, pointi 6, na baada yake unapewa nafasi ya kuongeza 1 au 2. Ukiupiga kwa mguu ukapita kati ya nguzo ni pointi 3.

Sasa sikiliza, maana uhondo wa riwaya hizi umejificha hapa. Likifika jaribio la nne, timu nyingi zinaogopa. Zinaupiga mpira mbali kwa mguu ili wapinzani waanzie kwao huko nyuma. Kocha akikataa, akasema tunacheza, uwanja wote unasimama. Kwa hiyo ukisoma "jaribio la nne, zimebaki yadi mbili", usiruke aya hiyo hata kama unakimbilia busu. Siku ile nilivisogeza visoda vyekundu polepole, nikakitelezesha kimoja pembeni na karanga yake, na shangazi mmoja aliyekuwa anachati muda wote akaweka simu chini. "Amefika?" Alikuwa amefika. Kisha mhudumu akaja kufuta meza.

Jambo la mwisho la sheria: mechi ni dakika 60, vipande vinne vya dakika 15, lakini saa inasimamishwa kila mara, hivyo unakaa uwanjani zaidi ya saa tatu. Ndiyo maana binti anapata muda wa kugombana na kijana wa watu, kulia chooni, kununua chipsi na kurudi kwenye kiti chake kabla mechi haijaisha.

Kwa nini mhusika ni kwotabeki kila kitabu?

Kwotabeki ndiye anayeupokea mpira mwanzo wa kila jaribio na kuamua: aurushe, amkabidhi anayekimbia, au akimbie nao mwenyewe. Mfikirie namba kumi ambaye pia ni nahodha na bado anaandikiwa nusu ya lawama za kocha. Timu ikishinda ni yeye, ikifungwa ni yeye. Mwandishi wa mapenzi anataka nini zaidi ya mtu anayetazamwa na watu wote na hana wa kumwambia kwamba anaogopa?

Lakini ukishasoma vitabu kumi utagundua kila namba ina tabia yake. Mpokeaji, yule anayekimbia mbali kuudaka mpira, huwa mtu wa mbwembwe na maneno mengi. Mlinzi huwa kimya, ana makovu, na siri yake inafunguliwa karibu na ukurasa wa mia mbili. Mpiga mpira kwa mguu ni mpweke. Anaingia uwanjani kwa sekunde chache, na watu wanamkumbuka siku aliyokosa, kama mpiga penalti wetu. Mimi nawapenda lainimani, majitu ya kilo 130 na zaidi ambayo kazi yao ni kusimama mbele ya kwotabeki asiguswe. Hawakimbii na mpira, hawaimbwi, na mwandishi akiwachukua kuwa wahusika wakuu hufanya kitu cha upole sana. Vitabu vya lainimani ni vichache. Ukikutana nacho, niazime.

Chuo kinawezaje kuwa na uwanja mkubwa kuliko wa taifa?

Swali hili huulizwa na wanaume, wakiwa na uso wa mtu anayedanganywa. Uwanja wa Benjamin Mkapa unabeba watu 60,000. Uwanja wa chuo kikuu cha Michigan unabeba 107,601, na ni wa wanafunzi. Mchezo wenyewe ulianzia vyuoni: mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ilichezwa tarehe 6 Novemba 1869 kati ya Rutgers na Princeton, miaka mingi kabla hakujawa na ligi ya kulipwa. Kuna majimbo makubwa ambayo hayana timu ya kulipwa mpaka leo, hivyo timu ya chuo ndiyo Simba na Yanga yao kwa pamoja. Mtu anahitimu, anaoa, anapata wajukuu, na bado Jumamosi anavaa rangi za chuo.

Ukilielewa hilo utaelewa kwa nini kijana wa miaka 20 kwenye riwaya hawezi kununua kahawa bila kupigwa picha. Hapa kwetu mchezaji wa chuo kikuu cha Dar es Salaam akipita Mlimani na begi lake, wanaomjua ni wanadarasa wenzake na mama anayemkopesha chapati.

Kama wanapendana, si wapendane tu? Tatizo liko wapi?

Hili ndilo swali lenyewe. Kama una muda wa kusoma jibu moja tu kwenye ukurasa huu, soma hili.

Sisi tumekulia kwenye hadithi ambazo kizuizi cha mapenzi kina uso. Baba mkali. Mama mkwe. Dini mbili. Mahari isiyofikika. Tajiri mwenye gari anayemtaka binti. Ukimwondoa huyo mtu, ndoa inafungwa. Kwa hiyo msomaji wetu anafungua riwaya ya Kimarekani akimtafuta mbaya, hamwoni, anasema kitabu hakina mgogoro. Mgogoro upo. Ni ratiba.

Itazame. Agosti wanaingia kambini, mazoezi asubuhi na jioni. Kuanzia mwishoni mwa Agosti mpaka mwishoni mwa Novemba ni mechi kila wiki, karibu zote Jumamosi, karibu nusu yake ugenini, mara nyingi kwa ndege. Desemba na Januari ni michuano mikubwa. Tangu msimu wa 2024 timu 12 ndizo zinazogombea ubingwa wa taifa. Wakitoka hapo ni kunyanyua vyuma, kisha mazoezi ya majira ya machipuko, na Aprili ni drafti, timu za kulipwa zinapochagua wachezaji. Katikati ya hayo anasoma shahada. Na nyuma ya hayo kuna ufadhili: ada, chumba, chakula na vitabu, vyote vinalipwa kwa sababu ya mwili wake. Kijana ambaye mama yake anafanya kazi mbili hachezi na kitu hicho.

Halafu kuna goti. Kano ya mbele ya goti ikikatika, ni upasuaji na mara nyingi miezi tisa mpaka mwaka wa kujiuguza. Kila msomaji wa aina hii ya vitabu anajua: kijana akianza kuzungumzia mustakabali wake kwa furaha karibu na ukurasa wa mia tatu, goti linakuja.

Weka juu yake hesabu ya miaka. Kwa kanuni walizokulia nazo waandishi hawa, mchezaji ana misimu minne ya kucheza ndani ya miaka mitano. Wakikutana akiwa mwaka wa mwisho, mapenzi yao yana tarehe ya kuisha iliyoandikwa ukutani kabla hawajashikana mikono. Mpinzani wa binti ni Jumamosi. Ukimsoma hivyo, utaona kwa nini kijana "anamkwepa" sura nzima ya kumi na nne. Hamkwepi, yuko ugenini Ohio.

Mbona kijana ana GPA ya 2.0 na wanasema yuko salama? Hapa si angekuwa anaelekea kudisko, kufukuzwa chuo kwa kufeli?

Tulibishana sana juu ya hili mpaka mwenzetu mmoja aliyesoma nje akatutenganisha. GPA, yaani wastani wa alama za chuo, yetu ya juu kabisa ni 5, yao ni 4. Yao 2.0 ni wastani wa C. Si ya kujivunia, lakini anacheza.

Na usiidharau namba hiyo, maana ndiyo mlango wa nusu ya riwaya hizi. Mchezaji asipofikisha kiwango cha masomo hawezi kushuka uwanjani, hata awe nani. Kwa hiyo chuo kinamtafutia mtu wa kumfundisha, na mtu huyo, kwa bahati ya ajabu inayotokea kwenye kila chuo cha kubuni, ni binti mwenye miwani anayeuchukia mpira. Takwimu ndiyo somo linalowakutanisha mara nyingi. Mimi nilipata sapu, mtihani wa marudio, ya takwimu na hakuna aliyekuja kunifundisha.

Wanalipwa au hawalipwi? Kitabu kimoja kinasema hivi, kingine vile.

Vyote viko sawa. Angalia mwaka wa kuchapishwa.

Kwa miongo mingi NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kilikataza mchezaji kupata pesa kwa jina lake. Chuo kinauza jezi, televisheni inalipa mabilioni, yeye anapata ufadhili basi. Riwaya za wakati huo zina njaa ndani yake: kijana anakataa kununuliwa chakula cha jioni na mtu asiyemjua kwa kuogopa kufungiwa, na gari la bei mbaya mlangoni kwake ni kashfa inayoweza kubeba sura tatu.

Tarehe 1 Julai 2021 kanuni ilifunguliwa, wachezaji wakaruhusiwa kupata pesa za matangazo kwa jina, sura na umaarufu wao. Na kuanzia Julai 2025, baada ya mahakama kuidhinisha makubaliano ya kesi ya muda mrefu, vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Riwaya mpya kwa hiyo zina meneja wa matangazo, kaka mkubwa anayetaka fungu lake, na binti anayejiuliza kama picha waliyopiga pamoja ni ya mapenzi au ya biashara. Mimi nasema wazi: njaa ya zamani ilizaa vitabu bora. Pesa zimewafanya vijana wengi wa kwenye riwaya wafanane.

Pia siku hizi ni rahisi kuhama chuo. Tangu 2018 kuna mfumo wa uhamisho ambapo mchezaji anaandikisha jina na vyuo vingine vinamfuata. Zamani kijana na binti waliachana kwa sababu ya kuhitimu. Sasa wanaweza kuachana Januari, kama dirisha dogo la usajili.

Drafti ni ile ya kijiweni?

Si ile ya kusukuma kete chini ya mwembe. Hizi ni siku tatu ambazo timu 32 za ligi ya kulipwa, NFL, huchagua wachezaji kwa zamu, raundi saba, kila Aprili. Mchezaji hachagui timu; timu inamchagua yeye, na inaweza kuwa upande wa pili wa nchi. Hawezi kuingia kabla haijapita miaka mitatu tangu amalize sekondari.

Wanaosema hayo ni mambo ya Wazungu niwakumbushe Hasheem Thabeet, mtoto wa hapahapa Dar es Salaam, mita 2.21. Alicheza kikapu chuo kikuu cha Connecticut kuanzia 2006, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua namba 2 kwenye drafti ya NBA, akiwa bado ana mwaka mmoja wa chuo mkononi. Mchezo tofauti, lakini mlango ni uleule: unabaki umalize shahada, au unaondoka wakati jina lako bado la moto? Kwenye riwaya swali hilo huulizwa juu ya kitanda cha bwenini, saa nane usiku, na binti anajifanya amelala.

"Shati jekundu" ni nini? Ni mambo ya Simba?

Hapana jamani. Ni mchezaji anayekaa nje msimu mzima ili msimu huo usihesabiwe kwenye minne yake. Tangu 2018 anaweza kucheza hadi mechi nne na bado akahesabiwa amekaa nje.

Kwa nini wanahangaika na vitambulisho vya bandia? Si watu wazima hao?

Kwao pombe ni kuanzia miaka 21. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ana 18, anapiga kura, na bia anaificha.

Mchezo huu si hatari? Waandishi wanalisema hilo?

Ni hatari, na wachache wanalisema inavyostahili. Mwaka 1905 vifo vya wachezaji vilizidi mpaka Rais Theodore Roosevelt akawaita wakubwa wa vyuo Ikulu kuwaambia watengeneze mchezo wao. Mwaka uliofuata kikaundwa chombo ambacho baadaye kilikuja kuitwa NCAA, na kurusha mpira mbele kukaruhusiwa ili watu wapunguze kurundikana na kugongana. Tafakari hilo: bila vifo vile kusingekuwa na kurusha, na bila kurusha kwotabeki wa kwenye jalada asingekuwepo.

Siku hizi kinachotisha zaidi ni ubongo, kugongwa kichwa mara kwa mara kwa miaka. Riwaya nyingi hulitaja goti kwa sababu goti linapona kabla kitabu hakijaisha. Ile niliyoipenda kuliko zote mwaka jana ilikuwa na baba wa kijana, mchezaji wa zamani, anayesahau jina la mkwe wake mtarajiwa kila anapokuja. Hakuna aliyeeleza kwa nini. Mwandishi aliacha tu asahau.

Mambo ya chumbani yapo kiasi gani?

Yapo. Usije ukasema hukuambiwa. Jalada la katuni lenye rangi za pipi halimaanishi kitabu ni cha watoto. Ni mtego ambao umewanasa wazazi wengi waliomnunulia binti wa kidato cha pili. Wauzaji na wasomaji wa mtandaoni huweka pilipili kuonyesha ukali: moja ni mabusu na mlango unafungwa, tano usisome kwenye daladala karibu na mtu anayechungulia. Kikundini hatusomi sehemu hizo kwa sauti, na mwezi wa Ramadhani tunachagua kitabu cha pilipili moja au tunasoma kitu kingine kabisa. Tuna watu wa dini zote na hatujawahi kukosana.

Hizi njama zinazojirudia zina majina?

Zina majina, na wasomaji wanazichagua kwa majina hayo kama unavyoagiza chakula. Kujifanya wapenzi: wanakubaliana kuzuga mbele ya watu, kila mmoja kwa sababu yake, na wote tunajua watanasa. Maadui: wanachukiana sura nane. Dada wa rafiki: amekatazwa na nahodha mwenzake. Kitanda kimoja: hoteli imejaa, dhoruba nje, chumba kimebaki kimoja. Nawapenda wasomaji wa njama ya kitanda kimoja kwa imani yao, lakini timu ya chuo yenye bajeti ile inakosaje chumba?

Inayostahili heshima ni ile ya moto wa polepole. Hakuna kinachotokea kwa kurasa mia mbili, halafu anamfunga kamba za kiatu kwa sababu bega lake lina plasta, nawe unalazimika kufunga kitabu uvute pumzi.

Lazima ziishe vizuri?

Lazima. Chama cha waandishi wa mapenzi wa Marekani kwa miaka mingi kilieleza aina hii kwa mambo mawili: mapenzi yawe kiini cha hadithi, na mwisho uwe wa kuridhisha na wenye matumaini. Mmoja akifa, hicho ni kitabu kingine na kimewekwa rafu nyingine. Kwa hiyo ukiniambia "umeniharibia mwisho" sitakuelewa. Mwisho tunaujua tangu jalada. Tunasoma tuone njia.

Naomba unitumie PDF.

Hapana.

Basi navipata wapi?

Tembea Posta kwa miguu, wale wanaopanga vitabu vya mitumba kando ya njia. Chini ya rundo la vitabu vya uhasibu kuna mapenzi, na bei inashuka ukionyesha huna haraka. Angalia kurasa za mwisho kabla ya kulipa. Mimi sikuangalia, nitalieleza hilo chini. Kwenye simu unaweza kununua cha kidijitali, vingine vinauzwa bei ya bando la wiki. Au azima kwetu: daftari lipo, unaandika jina, unarudisha bila madoa ya mchuzi.

Mama yangu anasema ni vitabu vya upuuzi.

Muulize kwa upole kama hajawahi kuficha Mills & Boon chini ya godoro. Kampuni hiyo ya riwaya za mapenzi ilianzishwa London mwaka 1908, na vitabu vyake vilifika mpaka kwenye mabweni ya mama zetu. Wangu alikana siku mbili, siku ya tatu akanisimulia kimoja chote, daktari na nesi, tangu mwanzo hadi harusi.

Kwa nini hakuna riwaya kama hizi za Dar?

Hadithi za mapenzi hatujawahi kupungukiwa. Tumekulia magazeti ya udaku yenye hadithi iliyokatwa mahali pabaya kuliko pote, halafu "Itaendelea". Kinachokosekana ni mwandishi wa kuiona ratiba yetu kuwa mgogoro, kwa sababu tumezoea kumtafuta mama mkwe.

Nifikirie kidogo. Kijana ni winga wa kushoto, yuko Mlimani mwaka wa tatu. Boom, pesa ya mkopo wa kujikimu, limechelewa. Mchana anafanya mazoezi ya timu ya chuo kwa ajili ya TUSA, mashindano ya vyuo vikuu, ambayo hayalipi, na Jumapili anakwenda mchangani kucheza ndondo kwa jina la mtu mwingine, kwa sababu ndondo inalipa taslimu. Kocha wa chuo akijua atamkata. Binti anasoma Muhimbili, yuko Upanga. Kwenye ramani ni kilomita chache; kwa foleni ya Ijumaa jioni, Mlimani na Upanga ni mapenzi ya mbali. Yeye ana zamu ya wodi, kijana ana sapu, na timu ya Ligi Kuu imepiga simu: inamtaka dirisha dogo, wiki ileile ya mitihani. Akienda anadisko. Asipoenda, mwakani ana miaka 24 na mawinga wa miaka 18 wamejaa kila kiwanja.

Hapo hamna mbaya hata mmoja, na tayari nina wasiwasi. Sura ya kwanza naiona kabisa: usiku, nje ya bweni, anafua jezi ya ndondo kwenye ndoo ili harufu ya vumbi la Tandale isimfikie kocha. Kama unaweza kuandika, chukua bure. Ila mfanye beki. Mawinga ni wengi.

Ulisema mambo ya kurasa za mwisho. Ilikuwaje?

Ni kile cha Posta. Nilikinunua nikiwa na haraka ya mvua, nikakisoma siku nne, na usiku wa nne, kijana ameitwa jina kwenye drafti na timu ya upande wa pili wa nchi, binti amesimama jikoni na simu mkononi, nikafungua ukurasa, nikakuta gundi kavu. Kurasa kama kumi na mbili zilikuwa zimeng'oka. Muuzaji niliporudi aliniambia nishukuru nilipata hizo nyingine.

Nikakipeleka kikundini, na tukakubaliana kila mtu aandike mwisho wake. Wengi walimpandisha binti ndege. Mmoja alimwacha abaki amalize masomo, wakapigiana simu usiku. Shangazi wa visoda alileta kurasa tatu za mkono, kalamu ya bluu, za daftari la mwanawe. Kwake, kijana hakupiga simu. Alimtuma kocha. Kocha alisafiri mwenyewe, suti imebana mabegani, akakaa kwenye kochi la wazazi wa binti, akakataa soda mara ya kwanza kama inavyotakiwa, akaikubali ya pili, kisha akasafisha koo na kusema ametumwa na kijana wake kuleta barua.